UZI: Kifaa kisichojulikana kilikotoka huuzwa kwa kilo. Tuandike vifaa vya nyumba zetu

Foromeni_Nax

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mniwie radhi, lakini jambo hili limenikaa kifuani miaka mitatu na wiki hii limenifika shingoni.

Niko Nakuru. Tunafungua nyumba ya zamani kule Section 58. Nasema tunafungua kwa sababu mwenyewe amekubali tuishushe kipande kwa kipande, asiite tingatinga. Juzi asubuhi nilikuwa juu ya paa natoa vigae vya udongo, vile vyekundu vya zamani. Nikakigeuza kimoja, nikakifuta vumbi kwa kiganja. Mgongoni kuna herufi zilizotokeza kwenye udongo wenyewe: jina la kiwanda, na chini yake neno Mangalore. Huo ni mji wa pwani ya India. Wamisionari wa Basel walifungua kiwanda cha vigae huko mwaka 1865, wengine wakafuata, na vigae vikapakiwa melini hadi huku kwetu. Kigae kimenyeshewa na kuchomwa na jua umri wa mtu mzima na zaidi, na bado ukikiuliza kilikozaliwa kinakujibu.

Nilipiga picha ule mgongo nikamtumia mtu anayekarabati nyumba ya aina hiyo hiyo Njoro. Hakuwa na maswali mengi. Alitaka kujua vizima viko vingapi na vitashuka lini.

Sasa sikieni hili lingine. Miaka mitatu iliyopita nilisimamia kazi ya kushusha bohari moja hapa mjini. Ndani mlikuwa na mihimili 11 ya chuma, ile yenye umbo la herufi I, inchi 8 kwa 4, urefu futi 20. Mizima kabisa, kutu ya juu juu tu. Akapatikana mnunuzi aliyetaka kuitumia kwenye ghorofa ya duka lake, akaja na injinia. Injinia akauliza: hiki chuma ni cha daraja gani? Kilikuwa kimebeba nini? Kimewahi kupita motoni? Tukatazamana. Ramani hazikuwepo, na aliyejenga alishafariki. Injinia akakataa kutia sahihi, na simlaumu hata kidogo, maana jengo likianguka anayetafutwa ni yeye. Mnunuzi akaenda zake.

Kesho yake likaja lori la vyuma chakavu. Mihimili ilikuwa mirefu kuliko lori, kwa hiyo ikakatwa kwa gesi katikati, mmoja baada ya mwingine, halafu ikapandishwa mizani. Kila mmoja kama kilo 160. Kwa shilingi 30 kilo, huo ni mhimili wa shilingi 4,800. Anayenunua chuma kipya anajua nilivyoumia.

Jioni nikiwa nafagia nikaokota kipande kifupi kilichobaki. Nikakisugua na brashi ya waya. Chini ya rangi, herufi zikaanza kujitokeza: jina la kiwanda cha Uingereza, na vipimo. Zilikuwa hapo siku zote. Herufi peke yake zisingemaliza maswali yote ya injinia, lakini angekuwa na pa kuanzia: aina ya chuma cha kiwanda kile, kisha kipande kimoja kipelekwe maabara kijaribiwe. Hatukusugua kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia tusugue. Kile kipande ninacho nyumbani mpaka leo.

Tangu siku hiyo najua kwamba kifaa chenye maelezo huuzwa kama kifaa, na kisicho na maelezo huuzwa kwa kilo. Chuma ni kile kile.

Siku hizi uchumi wa mzunguko, yaani vitu kutumika tena na tena badala ya kutupwa, umekuwa wimbo wa kila kikao, na watu wakiusikia wanawaza kusaga na kuyeyusha. Kuyeyusha ni afadhali kuliko kurundika Gioto, jalala letu la hapa Nakuru. Lakini mhimili ambao tayari ni mhimili, ukiuyeyusha unaulipia moto mara ya pili ili uwe mhimili tena. Heshima yake ni kuhamishwa nyumba ukiwa vile vile ulivyo, na hauhami bila maandishi.

Ninachofanya sasa: kila kazi ninayosimamia, ya kujenga au ya kufungua, ina daftari lake kubwa la kaunta. Naandika kitu ni nini na kipimo chake, viko vingapi, vilitoka wapi (risiti au muhuri napiga picha), vimewekwa lini na upande gani wa nyumba. Halafu naandika vimefungwa na nini.

Hili la mwisho ndilo mafundi wengi hulipuuza, nami ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Fremu ya mlango iliyofungwa kwa skrubu inatoka nzima kwa nusu saa. Iliyomiminiwa simiti inatoka kuni. Bati la skrubu yenye mpira linavuliwa kama shati. La misumari ukilitoa kwa mtarimbo tundu linakuwa mdomo. Na mawe ndiyo kabisa. Hii nyumba ya Section 58 imejengwa kwa chokaa. Kijana anaingiza tindo kwenye kiungo, anagonga mara mbili tatu, jiwe linaachia, analikwangua na kuliweka kwenye safu. Nimeshafanya kazi kwenye kuta za simiti kali ambapo jiwe linapasuka na kiungo kimebaki kimeshika. Ukuta wa hivyo, hata ungekuwa wa mawe mazuri namna gani, mwisho wake ni kujazia mashimo ya barabara. Kwa hiyo anayejenga leo ndiye anayeamua kama mjukuu atapata mawe au kifusi, na akishaamua, basi aandike.

Nani mwingine anafanya hivi? Kisumu, Kakamega, Kitale, semeni mnavyofanya.

---

MamaMilango_Kibuye

Foromeni mwanangu, asante kwa kuleta hili. Mimi nauza milango na madirisha yaliyokwisha kutumika, hapa Kisumu, tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Swali la kwanza la mteja huwa si bei. Huwa ni "Mama, hii imetoka wapi?"

Kwanza wanaogopa kitu cha wizi. Lakini kuna la pili ambalo nyinyi wa daftari msilisahau. Kwetu nyumba ya marehemu haivunjwi hivi hivi, na si kila mtu atakubali kulala nyuma ya mlango uliotoka huko. Nilishauza mlango wa mvule, mzito, bawaba za shaba, nikafurahi. Baada ya siku nne umerudi kwa mkokoteni. Mama mkwe wa yule kijana aliuliza ulikotoka, kijana hakuwa na jibu, akaambiwa hautalala pale. Nikarudisha pesa. Mlango haukuwa na tatizo lolote, ila haukuwa na kwao.

Tangu hapo, mtu akiniletea mlango namwambia: nipe picha yake ukiwa bado umesimama kwenye nyumba. Anayebomoa kwa haki atakuwa nayo au atarudi kuipiga. Ambaye hana, na aende nao. Ile picha naiweka kwenye simu na mteja namwonyesha. Mlango unaotoka kwa watu hai, sawa. Unaotoka kwa marehemu na wazee wameridhia, mteja anajua na anachagua mwenyewe.

Shida yangu ni alama. Nikiandika kwa chaki, mvua moja inafuta, na milango 30 imeegemezwa pamoja sijui tena picha ipi ni ya mlango upi. Wewe unatumia nini?

---

Foromeni_Nax

Mama, la picha ukiwa bado umesimama nimelichukua. Kuanzia kesho hakuna kitu kitatolewa ukutani kwangu kabla ya kupigwa picha.

Kuhusu alama, karatasi za kubandika usizijaribu, jua la Kisumu litazikunja kwa wiki. Chukua bati la alumini, la sufuria mbovu linatosha, ulikate vipande vya upana wa vidole viwili. Nunua seti ya namba za chuma za kugonga kwa nyundo, mafundi wa jua kali wanazo. Gonga namba, toboa tundu, kipigilie kwenye ukingo wa juu wa mlango ambako hakionekani. Mimi kwenye mbao hugonga namba moja kwa moja kichwani mwa mbao, na kwenye chuma naandika kwa rangi ya mafuta karibu na ncha zote mbili, ili wakikata upande mmoja namba ibaki upande wa pili. Namba hiyo hiyo inaandikwa daftarini. Basi.

---

Kontrakta_Kisumo

Omera, nimesoma yote na roho yako naiona ni safi. Lakini nikuulize kama mtu wa kazi: muda huo wa kuandika nani analipa? Mimi nikipewa jengo la kubomoa naambiwa uwanja uwe mtupu kwa wiki mbili, na kila siku ya kuchelewa nakatwa. Nyumba ya kufungua polepole kama yako ni bahati.

Na wako wasiopewa hata wiki mbili. Hapa Kisumu tuliona vibanda kwenye ardhi ya reli vikiondolewa, watu wakikimbiza mabati na mbao kwa mikokoteni usiku. Huyo utamwambia aandike daftari?

La tatu, wizi. Ukiandika kwamba nyumba fulani ina nyaya za shaba mita kadhaa na mihimili ya chuma kadhaa, umemchorea mwizi ramani.

---

Foromeni_Nax

Kontrakta, maswali yako ni ya mtu aliyechafua viatu, kwa hiyo nayajibu kwa makini.

Muda kwanza. Kwenye kazi ya kubomoa ni kweli, unahitaji mtu mmoja wa kuhesabu na kupiga picha, na huyo ana mshahara wake. Mimi nimekubaliana na mwenye nyumba alipe kutokana na mauzo. Lakini kwenye kazi ya kujenga, ambako ndiko ningependa sote tuanzie, karibu kila kitu tayari kinaandikwa! Lori likileta mabati kuna karatasi ya kupokelea, mtu wa stoo anatia sahihi. Hadiwea inatoa risiti. Injinia ana michoro, pamoja na ratiba ya nondo. Halafu siku ya kukabidhi funguo, zile karatasi zote zinawashia moto wa chai ya mwisho. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nachoomba ni zile karatasi zitiwe kwenye faili moja, apewe mwenye nyumba pamoja na funguo, na aziweke panapokaa hati ya shamba.

Hilo linajibu na la mwizi. Rekodi ni ya mwenye nyumba, haibandikwi getini. Na soko likishazoea kuuliza "picha iko wapi" kama Mama anavyouliza, mwizi ndiye atakayepata taabu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 tayari inamtaka mwenye leseni aweke rekodi za biashara yake ya vyuma. Tungefanya vivyo hivyo kwa mbao na milango kwa hiari yetu.

Kuhusu waliokimbiza mabati usiku, sina jibu, na inaniuma. Daftari halimsaidii mtu aliyepewa saa chache. Yule anahitaji muda, na muda huo uko mikononi mwa wanaotoa notisi. Nitasema tu kwamba watu wale wanajua thamani ya bati lililotumika kuliko sisi sote, na ndio wangestahili kusikilizwa kwanza.

Na bei usiidharau. Ukataji miti kwenye misitu ya umma uliposimamishwa Februari 2018 hadi 2023, mbao mpya zilipanda, na mimi nilikuwa nauza kenchi kuukuu kabla hazijagusa ardhi. Zilizokuwa na maelezo ya aina ya mti na mahali zilipokuwa ndizo zilizotangulia.

---

Msomi_wa_Mjengo

Wakubwa zangu, nasomea ujenzi na nimefurahi kukuta haya kwa lugha tunayoizungumza saiti. Foromeni, hilo daftari lako kule Ulaya lina jina: pasipoti ya vifaa. Umoja wa Ulaya uligharimia mradi ulioitwa BAMB, kuanzia 2015 hadi 2019, wa kulitazama jengo kama benki ambayo vifaa vimewekwa akiba. Uholanzi kuna jukwaa la Madaster lililoanzishwa 2017, ambapo jengo linasajiliwa na vifaa vyake. Mmoja wa waanzilishi wake ni msanifu Thomas Rau, na hoja yake ndiyo hii yenu hasa: taka ni kitu kilichopoteza utambulisho. Ofisi yake ndiyo iliyosanifu makao ya benki ya Triodos kule Driebergen, yaliyofunguliwa 2019. Jengo la mbao, limefungwa kwa skrubu 165,312 ili liweze kufunguliwa tena.

Na kuhusu chokaa na simiti, Copenhagen walikumbana na ukuta wa Foromeni. Walitaka matofali ya majengo ya zamani ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, lakini yalikuwa yameshikwa na simiti kali kuliko tofali lenyewe, hayatoki moja moja. Wakayakata ukuta mzima kwa msumeno, vipande vya kama mita moja kwa moja, wakavipanga kwenye kuta za nyumba mpya zinazoitwa Resource Rows. Zinapendeza kwa madoa madoa yake. Lakini fikirieni gharama ya msumeno na winchi, kwa sababu ya kilichotiwa kwenye viungo miaka mingi nyuma.

---

NyumbaYaVihiga

Huku kwetu jambo hilo lilishapata dawa bila Copenhagen. Matofali yetu ya kuchoma hujengwa kwa udongo, simiti inapakwa kwenye viungo vya nje tu kuzuia mvua. Nyumba ya babu tuliishusha mwaka jana kwa mikono, wapwa zangu na mimi. Ukishakwangua ile simiti ya nje, tofali linatoka na udongo wake, unaugonga unaanguka. Jiko la mama na choo vimejengwa kwa matofali hayo hayo, na bado kuna rundo limefunikwa kwa majani ya migomba.

Mafundi vijana wanatuambia kujenga kwa udongo ni umaskini. Sasa nitawasomea uzi huu. Ila ghorofa siwezi kuijenga hivyo, hilo nakubali. Na chokaa je, inapatikana? Koru si mbali na hapa na chokaa imechomwa pale tangu wakati wa mkoloni, lakini sijaona fundi wa rika langu anayejua kuichanganya.

---

Mkaguzi_Mstaafu

Vijana, mnasema mema, na mimi nimekaa kwenye ukaguzi wa majengo miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niweke breki mahali pawili. Rekodi haina kazi ya kuuza tu. Ina kazi ya kukataza.

Mahali pa kwanza ni asbesto. Nyumba nyingi za zamani, za shirika, za shule, za manispaa, zimeezekwa mabati ya kijivu yenye mawimbi manene ambayo si chuma. Yakikaa bila kuguswa hayana neno kubwa. Yakivunjwa au kukatwa kwa msumeno yanatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zinaingia kwenye mapafu, na saratani inaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati umeshasahau uliwahi kuliona bati hilo. Hizo kisheria ni taka hatari tangu Kanuni za Udhibiti wa Taka za 2006, na wanaoziondoa lazima wawe na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Nimekuta mtu amelichukua, amelivunja vipande na kujengea banda la kuku, watoto wanachezea hapo. Hakuna aliyemwambia. Jina la kitu lingekuwa limeandikwa, angeliacha. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa hilo daftari uwe wa vitu visivyoguswa. Foromeni, hiyo nyumba yako ina vigae, lakini angalia dari, stoo ya nje na mabomba kabla vijana hawajapiga nyundo.

Mahali pa pili ni nondo. Naona kila kona watu wamekaa chini wakinyoosha nondo zilizotolewa kwenye zege. Nondo iliyokunjwa ikanyooshwa, ikakunjwa tena, inachoka ndani na huwezi kuona kwa macho. Ya kwako hujui daraja lake wala imekunjwa mara ngapi. Kwenye nguzo, boriti na slabu, msiitie. Iende ikayeyushwe, na hapo kuuza kwa kilo ndiyo haki yake. Mhimili wa herufi I ni habari nyingine, huo unapimika na kujaribiwa.

Sheria ya taka ya 2022 imeutaja uchumi wa mzunguko na inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka. Tumieni nafasi hiyo kwenye kaunti zenu. Mwombe kibali cha kubomoa kiambatane na orodha ya vilivyomo.

---

Foromeni_Nax

Mzee, nimesoma ujumbe wako mara mbili na nikatoka na tochi usiku huo huo. Stoo ya nje ina paa la hayo mabati ya kijivu, karatasi sita. Nimesimamisha kazi upande huo, nimezungushia kamba, na mwenye nyumba anatafuta wenye kibali. Vijana wawili walikuwa wameshapanga kuyashusha asubuhi ili wapate mahali pa kuweka mawe. Ubarikiwe.

---

Kontrakta_Kisumo

Foromeni, lile la faili kukabidhiwa na funguo limenishika. Nina nyumba ya vyumba vinne Mamboleo iko kwenye lenta, karatasi zote bado ziko kwa kijana wa stoo ndani ya gunia la simiti. Leo nimezitoa. Fremu za madirisha hazijawekwa, nimemwambia fundi atumie skrubu. Amenung'unika, lakini amekubali.

Ramani ya mabomba na nyaya nayo niiweke humo?

---

Foromeni_Nax

Weka. Na kabla ya plasta piga picha kila ukuta, mita ya mkononi ikiwa imenyooshwa ukutani ili vipimo vionekane. Ukishapiga plasta hutaona tena.

Habari za huku: vigae vizima 2,140 vimepangwa, vilivyovunjika tumevitenga kwa ajili ya kokoto za njia ya bustani. Jana tulifika kwenye kenchi. Kila kiungo kina alama ya patasi, mistari, mmoja, miwili, mitatu, hadi tisa. Fundi wa wakati huo alikata mbao chini, akazitia namba, akazipandisha kwa mpangilio. Tumezishusha kwa namba zake hizo hizo na nimezinakili daftarini kama alivyozichora. Anayezinunua atazipandisha bila kupima upya.

---

MamaMilango_Kibuye

Na milango?

---

Foromeni_Nax

Iko mitano, Mama. Wa jikoni umeliwa na mchwa chini. Minne mizima, mwenye nyumba yu hai na ndiye anayehama. Bado imesimama. Kesho saa mbili kukiwa na mwanga mzuri nitakutumia picha zake, halafu ndipo tutoe skrubu.